Mzamiaji, suuza vifaa kabla chumvi haijakauka

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na wanaozamia kwa mtungi wa hewa, wanaokodi vifaa hivyo na wanaovikodisha. Ajali ya uzamiaji inaporipotiwa, lawama huelekezwa baharini: mkondo ulikuwa mkali, maji yalichafuka, mzamiaji alishikwa na hofu. Hayo hutokea kweli. Lakini kifaa kikishafunguliwa mezani pa fundi, huonekana mambo ambayo bahari haina kosa nayo: chujio lililogeuka kijani, oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja) iliyochanika, kitufe cha kujaza hewa kwenye jaketi ya kuelea kilichogandishwa na chumvi. Kasoro za namna hiyo hazizaliwi siku ya ajali. Huanza jioni moja, vifaa vilipotupwa ndani ya begi vikiwa na maji ya bahari na mwenyewe akaenda zake kula.

Wapo wanaoshika risiti ya fundi kama hirizi. Regulata, kile kifaa kinachomfikishia mzamiaji hewa ya mtungi mdomoni, imehudumiwa mwaka huu, basi wanaona yamekwisha. Sisi tunasema fundi wa mara moja kwa mwaka hawezi kufidia beseni la maji baridi lililokosekana kila siku ya kuzamia.

Sababu yake ni hii. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji hayo yakiwa bado mabichi, chumvi imeyeyuka na huondoka kwa maji baridi bila ubishi. Yakikauka, inabaki punje zenye kingo kali, tena mahali ambapo kidole hakifiki: chini ya springi ya kitufe, kwenye mfereji wa oringi, ndani ya hesi za skrubu. Safari inayofuata, kila kitufe kinapobonyezwa punje hizo husaga mpira kama msasa. Isitoshe, chumvi hufyonza unyevu wa hewani, kwa hiyo kifaa kinachoonekana kikavu chumbani bado kinaendelea kuliwa polepole. Kama botini hakuna maji baridi, ni afadhali kuviacha vifaa vimelowa ndani ya begi kivulini mpaka mfike nchi kavu kuliko kuvianika juani. Jua hukausha upesi, na kinachotakiwa hapo ni kuchelewesha kukauka.

Regulata ndiyo ya kutazamwa kwanza. Mtungi uliojaa huwa na presha ya bari 200 au zaidi. Hatua ya kwanza, yaani kile kichwa kinachofungwa kwenye vali ya mtungi, huishusha hadi takriban bari 9 au 10 juu ya presha ya maji yanayomzunguka mzamiaji. Hatua ya pili, ile ya mdomoni, huimalizia mpaka ilingane na maji, ndipo pafu liweze kuvuta. Kazi yote hiyo hufanywa na kiti kidogo cha plastiki ngumu kinachokaa juu ya mdomo mwembamba wa chuma. Punje moja ya chumvi au kutu ikikaa katikati yao, kiti hakifungi sawasawa.

Kabla ya kusuuza, kizibo cha hatua ya kwanza kipanguswe kwa kitambaa kikavu na kufungwa. Wengi hukikausha kwa kufungulia mtungi na kukipulizia, huku mdomo wa hatua ya kwanza uko wazi kando yake. Matone huruka na kuingia palepale tulipotaka pabaki pakavu. Kitambaa kinatosha, na hakipigi kelele.

Namna iliyo bora ni kusuuza regulata ikiwa bado imefungwa kwenye mtungi na vali iko wazi, kwa sababu presha ya ndani huyazuia maji kuingia. Isipowezekana, izamishwe kwenye maji baridi au ya uvuguvugu yasiyochoma mkono kwa dakika 20 hadi 30, na mtu asiguse kabisa kitufe cha kupuliza. Kitufe hicho hufungua vali ya hatua ya pili. Kikibonyezwa ndani ya beseni bila presha, maji hupanda na mpira wa hewa unaounganisha hatua hizo mbili mpaka hatua ya kwanza, na huko hakuna jua wala upepo wa kuyakausha. Baada ya kuloweka, mimina maji ya bomba ndani ya kipande cha mdomoni, kwenye matundu ya kutolea pumzi na kwenye matundu ya hatua ya kwanza yanayopokea maji ya bahari. Viungio vinavyozunguka vizungushwe mle mle majini. Kisha regulata ianikwe kivulini, mipira yake isikunjwe kwa pembe kali karibu na vichwa vya chuma.

Maji ya beseni nayo yabadilishwe. Beseni moja likisuuza seti kumi za vifaa, seti ya kumi inasuuzwa kwa maji ya bahari yaliyozimuliwa.

Chujio dogo la chuma mlangoni mwa hatua ya kwanza husimulia mengi kwa rangi yake. Kijani maana yake maji yaliingia, shaba ya ndani imeanza kuliwa. Wekundu wa udongo ni kutu, nayo kwa kawaida imetoka kwenye mtungi wa chuma wenye unyevu. Unga wa kijivu au mweupe hutokana na mtungi wa alumini. Weusi, hasa wenye utelezi wa mafuta, ni jambo la kompresa, mashine ya kujazia mitungi hewa, na hapo regulata ni mjumbe tu: kusafisha chujio na kurudi kujaza hewa palepale ni kujidanganya.

Kuna dalili nyingine ambayo macho hayaioni. Kiti cha hatua ya kwanza kikichakaa, presha ya katikati, yaani ile inayotoka hatua ya kwanza kwenda ya pili, haitulii. Inapanda kidogo kidogo, mzamiaji akiwa bado amekaa kwenye boti, mpaka hatua ya pili inaanza kuvuja na kutokota yenyewe. Geji ya presha ya katikati huchomekwa kwenye mpira wa jaketi ndani ya sekunde chache. Mshale unapaswa kushuka mtu anapovuta pumzi, urudi, kisha usimame. Ukiendelea kutambaa kupanda, regulata hiyo haiendi majini hata kama mdomoni inapumua laini kama hariri. Anayekodisha vifaa bila kuwa na geji hii hukodisha kwa kubahatisha.

Hatua ya pili ina jaribio lisilohitaji kifaa chochote. Vali ya mtungi ikiwa imefungwa na hewa yote imetolewa, weka regulata mdomoni uvute polepole. Hakuna kinachopaswa kuingia. Kikiingia chochote, basi kiwambo (utando wa mpira wa ndani) kimetoboka, au vali ya kutolea pumzi ina mchanga au imejikunja, au kipande cha mdomoni kimechanika chini ya kile kifungo cha plastiki. Majini tundu hilo litaleta maji pamoja na kila pumzi, na mwenye kukohoa maji ya chumvi akiwa mita 20 chini huwa haendi juu kwa utaratibu. Kifungo chenyewe kikilegea, kipande hubaki kwenye meno na regulata ikaelea pembeni.

Mipira ya hewa huoza pale isipoonekana: chini ya vile vikinga vya plastiki karibu na vichwa vyake. Vikinga hivyo huhifadhi chumvi vizuri kuliko vinavyohifadhi mpira, hivyo visogezwe kila baada ya siku chache patazamwe kama pana nyufa, malengelenge au kutu. Ajabu ni kwamba watu huogopa zaidi mpira wa geji, kwa kuwa unabeba presha yote ya mtungi. Lakini tundu lake mlangoni mwa hatua ya kwanza limefanywa jembamba sana makusudi, hivyo ukipasuka unapiga kelele kubwa huku hewa ikipotea taratibu. Mpira wa presha ya chini, ule wa mdomoni au wa jaketi, ndio unaoweza kumaliza mtungi ndani ya dakika chache. Vipovu vidogo kwenye shingo ya geji kwa kawaida ni oringi mbili ndogo za kiungio kinachozunguka, nazo hubadilishwa kwa muda mfupi.

Oringi zenyewe zina adabu zake. Ile ya mdomo wa vali ya mtungi mzamiaji anaweza kuibadilisha mwenyewe, na akiba yake isikosekane begini. Aitoe kwa kijiti cha plastiki au cha shaba. Ncha ya chuma kigumu hukwaruza mfereji, na mkwaruzo huvujisha hata oringi mpya. Grisi ni ya silikoni, tena chembe tu, ya kuipa mng'ao. Ikizidi inakamata mchanga. Mafuta ya mashine na yale ya kupuliza ya kulegeza kutu yakae mbali kabisa, kwa sababu huvimbisha mpira na hayafai penye hewa ya presha kubwa. Kwa wanaotumia mchanganyiko wenye oksijeni nyingi, hata grisi ya silikoni haifai, maana inaweza kuwaka. Kanuni ya kawaida ni kwamba oksijeni ikizidi asilimia 40, mtungi, vali na regulata lazima visafishwe kwa ajili ya oksijeni na kupakwa grisi yake maalumu.

Jaketi ya kuelea husuuzwa nje na kusahauliwa ndani. Maji ya bahari huingia kila hewa inapotolewa, na safari moja ikiisha mtu huweza kukuta glasi nzima imebaki tumboni mwa jaketi. Jaza maji baridi kiasi cha theluthi kupitia mpira wa kujazia kwa mdomo, ongeza hewa, igeuze geuze, kisha imwage kupitia vali ya chini na vali ya bega ili zote zisafishike. Rudia mara mbili. Jaketi ihifadhiwe ikiwa na hewa kidogo, kuta zisishikane. Bakteria na kuvu hustawi humo, kwa hiyo hewa ya ndani ya jaketi isivutwe mapafuni.

Cha kuogopwa zaidi kwenye jaketi ni kitufe cha kujazia. Chumvi ikikigandisha kikiwa wazi, jaketi hujaa bila kuulizwa na kumpandisha mwenyewe juu. Hewa iliyo mapafuni mita 10 chini huongezeka maradufu afikapo juu, na akizuia pumzi kwa mshtuko, pafu hupasuka. Mzamiaji ajizoeze kuchomoa mpira wa jaketi kwa mkono mmoja bila kutazama huku mwingine ukivuta kamba ya kutolea hewa. Kichomeo kikiwa kigumu kuchomoka nchi kavu, chini ya maji kitakuwa kigumu zaidi.

Mtungi tunauweka pekee kwa sababu hatari yake huanza kabla haujafika majini. Wenye ujazo wa lita 12 kwa bari 200 unabeba lita 2,400 za hewa, na nguvu hiyo ikitoka kwa mpasuko haichagui. Usimalizwe hewa yote. Ubakizwe bari 20 hadi 30, kwa sababu mtungi mtupu uliofunguliwa vali hunywa maji na unyevu. Hata hivyo maji mengi huingia wakati wa kujaza. Tone la bahari lililobaki kwenye mdomo wa vali, au kwenye mpira wa kompresa uliolala sakafuni, husukumwa ndani kwa presha yote. Fungua vali kidogo ipulize, pangusa, ndipo uunganishe. Dakika haipiti.

Ndani ya mtungi wa chuma, maji ya chumvi pamoja na hewa ya presha hufanya kutu kwa kasi, na kutu hula oksijeni. Mtungi uliokaa miezi mingi na maji ndani unaweza kuwa na hewa isiyomtosha mtu, naye hatapata onyo lolote kabla ya kuzimia. Wa alumini haupati kutu hiyo, lakini hupata vishimo, na pale hesi za alumini zinapokutana na vali ya shaba penye chumvi, metali hizo mbili hulana mpaka vali inang'ang'ania. Kiatu cha mpira cha chini nacho kivuliwe. Ndimo maji yanamotuama.

Kuna mitungi ya zamani ya alumini, iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1990 kwa aloi ya 6351, ambayo hupata nyufa shingoni kwa kubeba presha miaka mingi. Hiyo inahitaji kipimo cha ziada cha umeme cha kutafuta nyufa kwenye hesi za shingo, na vituo vingi huikataa moja kwa moja. Hatuwalaumu. Mitungi ya aloi ya 6061 iliyochukua nafasi yake haina ugonjwa huo. Wala mtungi wowote wa alumini usipelekwe kwa mpaka rangi anayekausha kwa tanuri. Joto hilo hulegeza metali, na rangi nzuri inabaki juu ya mtungi usiofaa tena.

Tarehe za vipimo hugongwa begani mwa mtungi. Marekani na Uingereza hutaka kipimo cha presha ya maji kila miaka 5. Ukaguzi wa macho wa ndani Marekani umezoeleka kila mwaka, Uingereza kila miaka miwili na nusu. Kwa kipimo cha Marekani mtungi hujazwa maji, husukumwa hadi theluthi tano za presha yake ya kazi, na hupimwa umetanuka kiasi gani na umerudi kiasi gani. Ukibakiza zaidi ya asilimia 10 ya mtanuko huo, safari yake imekwisha. Miaka 5 ni mirefu kwa mtungi unaojazwa kila siku, na ndiyo maana ukaguzi wa macho si wa kurukwa.

Kompresa mzamiaji wa kawaida haioni, lakini anavuta pumzi yake. Mdomo wake wa kuvutia hewa ukikaa karibu na moshi wa injini, monoksidi ya kaboni huingia mtungini, nayo haina harufu wala ladha. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua, EN 12021, kinaruhusu sehemu 5 tu kwa milioni. Sababu ya ukali huo ni kina: mita 30 chini presha ni mara nne ya juu, kwa hiyo sehemu 10 kwa milioni humfanyia mtu kazi ya 40. Mtego wa maji umwagwe takriban kila dakika 15 kompresa ikifanya kazi, hata kama ina kifaa cha kujimwaga chenyewe. Kisha kuna kichujio. Ndani yake mna kikausha unyevu, mkaa wa kunasa mafuta na mara nyingi kemikali inayogeuza monoksidi kuwa kaboni dioksidi. Kemikali hiyo hufa ikilowa. Saa za kichujio zilizoandikwa kitabuni huhesabiwa kwa joto la wastani. Hewa ikiwa ya moto na yenye unyevu, muda huo hupungua hata chini ya nusu. Anayebadilisha kichujio kwa kufuata kalenda ya nchi ya baridi huku akifanya kazi kwenye joto huwauzia watu hewa mbovu bila kujua.

Vitu vidogo havina mengi. Miwani ikikunjwa mbichi huota madoa meusi ya kuvu kwenye silikoni, nayo hayatoki. Suti itundikwe kwenye kitundikio kipana, kivulini. Kompyuta ya kuzamia isipuliziwe hewa ya mtungi kwenye kitundu cha kupimia kina, maana kihisio chake huharibika.

Huduma ya fundi sasa. Watengenezaji wengi huagiza kila mwaka au kila mizamio 100, lolote litakalotangulia. Wengine huruhusu miaka miwili mradi regulata ikaguliwe kila mwaka. Kitabu cha kifaa ndicho cha kufuata, na vipuri viwe vya kifaa hicho hicho. Oringi inayofanana kwa macho inaweza kutofautiana kwa ugumu, na ya laini husukumwa nje ya mfereji na presha kubwa. Jambo moja husemwa mara chache: regulata iliyotoka kwa fundi jana si ya kwenda nayo mita 30 leo. Viti vipya huhitaji kukaa, na mipangilio huhama kidogo. Mzamio wa kwanza uwe wa maji mafupi.

Kwa anayekodi, dakika tano zinatosha. Soma tarehe begani mwa mtungi. Geji ya presha ya mtungi, ikiwa haina presha, lazima isimame kwenye sifuri. Fungua vali polepole, uso wa geji ukiwa umeelekezwa mbali na watu, uifungue mpaka mwisho. Vuta pumzi nne au tano huku ukiitazama: mshale ukishuka na kurudi kwa kila pumzi, vali haijafunguka vya kutosha au kuna kitu kimeziba. Nusa hewa, ya mafuta ikataliwe. Bonyeza kitufe cha jaketi na uone kama kinarudi chenyewe mara moja, kisha ijaze mpaka mwisho na uiache huku ukivaa suti. Ikilegea, inavuja.

Na kwa anayekodisha, kila regulata iwe na ukurasa wake daftarini kwa namba iliyochongwa juu yake: tarehe ya huduma, presha ya katikati iliyopimwa, kilichobadilishwa, na idadi ya mizamio tangu hapo. Presha iliyokuwa bari 9.5 mwezi uliopita na leo ni 10.5 inamwambia atoe kifaa hicho kwenye safu kabla hakijaanza kutokota mdomoni mwa mteja. Mteja akiomba kuuona ukurasa huo, aonyeshwe.

Ni sisi,
Mafundi na wakufunzi wa uzamiaji